Muhuri wa Nyabiseke

Jumanne, 15 Oktoba

Bwana mpelelezi ameletwa leo na pikipiki kutoka Kasulu. Ana begi moja, mwavuli, raba nyeupe na daftari. Raba zilishakuwa nyekundu kabla hajafika mlangoni. Nilimpokea kama anavyopokewa mgeni kwetu, nikapiga makofi taratibu, nikasema mwidiwe, nikanyosha mikono yote miwili. Yeye akanipa kifundo cha mkono, kama mtu aliyetoka kupanda maharage kwenye tope. Kiganja chake kisafi kama cha mtoto wa kuogeshwa. Nikasema moyoni, haya, ndiyo majivuno ya mjini hayo.

Kila ninalomwambia anaandika. Nikamuuliza ameandika nini.

"Hiyo ni siri ya kazi, Bi Mkubwa."

Basi nikajitanda kanga nikaenda dukani kwa Twalibu, nikanunua langu. Yeye ana daftari, na mimi ninalo. Shule sikukanyaga hata siku moja. Herufi nilizipata kwa marehemu mume wangu, mwinjilisti, nikifuata kidole chake kwenye kitabu cha nyimbo. Kwa hiyo naandika kama ninavyosema, na asiyependa asisome.

Jambo lenyewe ni hili. Alhamisi iliyopita mvua ya kwanza ilishuka na mawe. Faudhia, mtendaji wetu wa kijiji, alitoka ofisini mbio kuanua nguo zake nyuma ya nyumba. Aliporudi, muhuri wa kijiji haupo mezani, na chupa ya wino haipo. Mwanangu Hezroni alikuwa juu anaziba bati la ofisi hiyo hiyo, naye hakuona mtu. Anasema macho yalikuwa kwenye mawe ya mvua.

Bila muhuri, barua ya mtendaji ni karatasi ya kufungia chumvi. Na mkamwana wangu Kezia, mke wa Hezroni, anagombea uenyekiti wa kijiji. Fomu yake inataka barua yenye muhuri kuwa ni mkazi wa hapa Nyabiseke, na mwisho wa kurudisha ni Ijumaa tarehe mosi Novemba. Wilayani wamesema muhuri mpya huchukua wiki tatu. Hesabu mwenyewe. Usipopatikana muhuri, anabaki mgombea mmoja tu, Mzee Mpawenimana, ambaye amekalia kiti hicho miaka ishirini na ambaye barua yake iligongwa muhuri Jumatano, siku moja kabla ya wizi.

Kezia alisema, "Polisi watatuzungusha. Tutafute mpelelezi wa kujitegemea." Hezroni akaenda mwenyewe Kasulu kumtafuta. Ndiye huyu Hashimu, mtu wa Pangani, askari mstaafu. Analala chumba cha mbele.

Mwizi namjua. Jina lake linaanza na Mpawe.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua. Tumepanda maharage mpaka adhuhuri. Hashimu ameomba unga wangu wa muhogo amwage sakafuni mwa ofisi aone nyayo. Nimemwambia nyayo za watu wote wa kijiji hiki ninazijua, unga wangu aache.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kezia ameondoka kwenda kwao Kitahana, kule Kibondo, kuchukua cheti chake cha kuzaliwa. Kuna watu wameanza kunong'ona eti yeye si wa huku. Nimemfungia viazi na samaki mkavu, mgebuka. Akaniambia, "Mama, usimpige mtu nikiwa sipo." Nikamwambia siahidi.

Nampenda yule mwanamke. Alipokuja hapa miaka kumi na mbili iliyopita hakuwa anajua hata kuwasha moto wa kuni mbichi. Sasa ndiye aliyesimama mbele ya watu wa maji wilayani akawaambia kisima chetu walichoandika kimekamilika hakina hata kamba.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kumbikumbi wametoka. Mji mzima ulikuwa nje na makarai. Hashimu alisimama na mwavuli wake akitutazama kama tumerukwa na akili. Nikakaanga, nikatia chumvi, nikamwekea.

"Bi Mkubwa, hawa wana mabawa."

"Walikuwa nayo."

Alikula mmoja kwa ajili ya adabu. Kisha akasogeza sahani upande wake.

Jumamosi, 19 Oktoba

Leo nimefanya jambo, na sijui kama nalijutia.

Nilikuwa mashineni nasaga. Foleni ndefu, wanawake kama ishirini, na jirani yangu Esteri mbele yangu. Akaja Mpawenimana na debe lake la mahindi, kofia kichwani, anatabasamu kama bwana harusi. Nikamwambia pale pale:

"Muhuri umeuweka wapi?"

Mashine ilikuwa imezimwa kubadilisha mkanda. Kila mtu alisikia.

Akaweka debe chini. Akavua kofia. Akapiga makofi matatu, taratibu, akanyosha mikono yote miwili. "Mama Hezroni. Mwidiwe kwanza."

Sikumpa mkono. Mtu mzima ananisalimia mbele ya watu, na mimi nimekunja mikono kama mtoto aliyenyimwa uji. Nikasema, "Uliiba kura za mume wangu, sasa umeiba muhuri wa mkamwana wangu."

"Kura za mwinjilisti sikuziiba," akasema. "Na muhuri sina. Nikishinda bila mpinzani, nitakuwa nimemshinda nani? Kivuli changu?"

Akabeba debe lake akaondoka bila kusaga. Esteri akanigeukia. "Mwenzangu, kumnyima mzee salamu? Hata ng'ombe akikupiga teke unamsemesha."

"Wewe saga," nikamwambia.

Niandike, maana Hashimu ameniuliza na yeye. Mwaka 2004 marehemu mume wangu aligombea na Mpawenimana. Alipata kura kumi na moja. Kijiji kizima kilimcheka. Watoto walikuwa wanamwita Baba Kumi na Moja. Alikaa miezi hatoki nje ila kwa kwenda kanisani. Hezroni alikuwa na miaka kumi na tano, alipigana shuleni mara tatu kwa ajili hiyo.

Jumapili, 20 Oktoba

Baada ya kanisa nilikaa uani napepeta mbegu za maharage, Hashimu amekaa kwenye kigoda anafuta raba zake. Akapita mchungaji. Hashimu akasimama, akampa kifundo. Nimechoka. Nikamwita.

"Hashimu, mikono yako ina ugonjwa?"

"Hapana, Bi Mkubwa."

"Basi kwa nini unampa mchungaji kifundo kama unatoka kuchota samadi?"

Akashangaa kwelikweli. "Si ndiyo salamu yenu? Nimewapa kifundo watu wa kijiji kizima tangu Jumanne."

"Mtu anatoa kifundo akiwa na tope. Ili asimchafue mwenzake. Nani alikufundisha?"

"Mwanao. Siku ile stendi Kasulu alinipa kifundo. Nikasema, haya, mila za watu, nikashika."

Nikacheka mpaka ungo ukamwagika. Mpelelezi mzima, siku tano anawatukana watu wa Nyabiseke bila kujua, nao wanadhani ni ubwana wa pwani. Naye akacheka, akaandika kwenye daftari lake.

Kisha nikaokota maharage moja moja. Kuna jambo limenijia wakati naokota. Siliandiki.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mvua.

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua. Hezroni amekula ugali kwa kijiko. Nimemuuliza kama anaumwa. Amesema kidole kinamuuma.

Jumatano, 23 Oktoba

Kijiko tena. Hashimu amekwenda kuchunguza choo cha Mpawenimana. Nimemwambia aangalie vizuri. Nimemwambia kwa sauti, ili nijisikie mwenyewe.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kezia amerudi na cheti, na jogoo kutoka kwa dada yake. Nyumba imepata joto. Ameshuka kwenye pikipiki akaanza kuuliza: ofisi ikoje, Faudhia ana hali gani, mpelelezi amepata nini. Faudhia amepewa barua ya kujieleza, masikini, binti wa watu, kazi ndiyo kwanza mwaka wa pili. Muhuri usipoonekana ataipoteza.

Kezia akamgeukia mumewe. "Na wewe uliyekuwa juu ya bati, hukuona hata kichwa cha mtu?"

Hezroni akasema anakwenda kutazama mbuzi. Mbuzi wetu wamefungwa mlangoni.

Ijumaa, 25 Oktoba

Zimebaki siku saba. Sijalala vizuri. Nimempikia Hashimu maharage na mawese, amekula sahani mbili, ameniita mama kwa mara ya kwanza. Amesema mkewe alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo anakula vya hotelini. Nimemwongeza ya tatu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimekwenda sokoni Titye kwa miguu, saa moja kwenda. Nilitaka chumvi na kibiriti. Vyote viwili Twalibu anavyo. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kutembea.

Nsimire alikuwepo, yule Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu anayeuza sabuni na vitenge. Tunapendana sana ingawa nusu ya Kiswahili chake sikipati. Tukasalimiana mpaka mikono ikachoka. Kisha akasema:

"Mama, bwana ya Kezia aliuza ndimu munane."

"Hezroni? Auze ndimu za wapi? Hatuna mndimu."

"Hapana, mama. Aliuza kwangu. Miye nilimuuzisha."

Tukazunguka hapo mpaka mwenzake wa meza ya pili akatusaidia. Kwao kuuza ni kununua. Basi Hezroni alinunua ndimu nane na kipande cha sabuni ngumu. Lini? Siku moja baada ya mvua ya mawe. Ijumaa ile.

"Akaniuliza ka ile sabuni inatosha wino."

"Inatosha? Wino mwingi kiasi gani?"

Nsimire akacheka akanishika kiganja, akakisugua kwa kidole gumba chake. "Kutosha, mama. Kuondosha. Ku mukono. Nikamuambia, papa, ile ya tampo haitoke na sabuni, itatoka na siku."

Tampo kwao ni muhuri. Nikamwambia asante. Nikanunua sabuni ambayo sikuihitaji. Nyumbani nimerudi bila chumvi.

Jumapili, 27 Oktoba

Kanisani. Hezroni amevaa shati jeupe nililompigia pasi mwenyewe. Ameoga, ameng'aa. Wakati wa kutoka watu walikuwa wanashikana mikono mlangoni. Alimpa mchungaji kifundo. Akampa mzee wa kanisa kifundo. Akampa Mpawenimana kifundo.

Nilikuwa nyuma yake. Nilitamani nimchape kwa kitabu cha nyimbo.

Jumatatu, 28 Oktoba

Naandika yote, hata kama mkono utauma.

Asubuhi nilimwambia Hezroni twende shamba la bondeni tukapalilie, mimi na yeye tu. Kezia alikuwa kwa Faudhia. Maharage yameota vizuri, majani mawili mawili, mvua ya rasharasha inapita. Tulifanya kazi mistari mitatu. Kisha nikasimika jembe.

"Nipe mkono."

"Nina tope, mama."

"Na mimi ninalo. Nipe."

Akanipa kifundo. Nikamtazama mpaka akageuza kiganja. Nikakifuta kwa kanga yangu. Mistari ya kiganja ilikuwa zambarau, kama mtu aliyechorewa mito.

Hakukataa. Huyo ndiye mwanangu, kuiba anaweza, kudanganya mama yake uso kwa uso hawezi. Akakaa kwenye tuta, juu ya maharage yangu. Sikumwambia kitu kuhusu maharage, ndipo ujue hali ilikuwaje.

"Chupa ilipasukia mfukoni," akasema.

"Sikuulizi chupa. Uko wapi?"

"Ofisini."

"Ofisini wapi?"

"Juu ya dari. Nilipotoa bati nikashuka kwa ndani nikauchukua. Nikaupandisha. Uko juu ya kichwa cha Faudhia. Haujatoka hata siku moja."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilikuwa nimejiandaa kulia, nikacheka. Karibu wiki mbili Hashimu anapima choo cha watu kwa kamba, na muhuri uko juu ya kiti alichokaa akiandika.

"Na mpelelezi je? Uliiba, halafu ukaenda kumleta mpelelezi?"

"Kezia alinituma. Ningekataaje? Nikauliza pale stendi, ni yupi hajawahi kukamata mtu. Wote wakanielekeza kwa huyu."

"Usimwambie hivyo."

"Simwambii."

Nikakaa na mimi. Maharage mengine yakaenda. Nikamuuliza kwa nini. Nilidhani atasema wanaume wa kilabuni wanamcheka, eti mume wa mwenyekiti, utaomba ruhusa kwa barua ili ulale kwako. Hayo wanayasema, nimeyasikia. Akasema si hayo.

"Nilimwona baba," akasema. "Alivyorudi siku ile na kura kumi na moja. Alivua viatu akaviweka pembeni, akaviangalia tu. Kezia anaongea na watu wote, anadhani kila anayecheka naye atampigia. Baba naye alidhani hivyo. Nisingeweza, mama. Kumwona Kezia anaangalia viatu vyake, nisingeweza."

Mwanangu ana miaka thelathini na mitano, ana ndevu, na alilia kwenye tuta la maharage.

Basi nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Naliandika hapa na kalamu haitetemeki, maana nimeshalisema kwa mdomo, na mdomo ndio ulikuwa kazi.

Nilimwambia: "Baba yako alipata kura kumi na moja. Ya kwangu haikuwemo."

Akainua kichwa.

"Nilimpigia Mpawenimana. Mwinjilisti alikuwa wangu siku mbili kwa wiki, nyingine zote ni za Mungu na za wagonjwa. Nikasema akipewa kijiji sitabakiwa hata na hizo mbili. Nikaweka alama kwa yule mwingine. Nilidhani wengine watampigia, mimi tu ndiye sitampigia. Halafu nikamwona anaviangalia viatu. Na nikakaa miaka ishirini nasema Mpawenimana aliiba kura."

Mvua ikazidi. Hatukuondoka.

"Baba alijua?"

"Hakujua. Na mpaka leo sijui kama ningemwambia angenipiga au angenicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, kabla ya siku ile. Hilo ndilo nililochukua, Hezroni. Sikuchukua kura. Nilimnyang'anya mke wa kumwambia pole kwa moyo safi. Sasa sikia. Wewe umemficha Kezia muhuri kwa sababu unampenda. Na mimi nilikuwa nampenda baba yako. Tazama nilichopata. Leo, kabla ya chakula, utamwambia. Si mimi, si Hashimu. Wewe, kwa mdomo wako, na kiganja wazi."

"Ataondoka, mama. Atarudi Kitahana."

"Labda. Akiondoka nitamfungia mgebuka mwingine. Lakini ataondoka akijua."

Jumanne, 29 Oktoba

Alimwambia jana. Niliwaachia nyumba, nikakaa kwa Esteri namenya mihogo ambayo haikuhitaji kumenywa. Esteri akasema, "Una nini leo, hujanitukana?" Nikamwambia kaa kimya, mihogo yako imeoza. Akatulia, akaona mambo yako sawa.

Niliporudi Kezia alikuwa uani, amemkalisha Hezroni kwenye kigoda, anamsugua kiganja kwa gunzi la mahindi na majivu kama sufuria iliyoungua. Anasugua kwa hasira. Hezroni anauma meno.

Nikasema mwidiwe. Kezia akaniitikia bila kugeuka. "Mama, mwanao ni mjinga."

"Yego. Nimemzaa mwenyewe."

"Aliogopa nitashindwa."

"Ndivyo alivyosema."

"Sasa nitashindwa nikiwa nimegombea," akasema, akabadilisha gunzi. "Na akinionea huruma nitamfukuza."

Chakula cha jioni tumekula sahani moja wote wanne. Hezroni amekula kwa mkono.

Jumatano, 30 Oktoba

Tumekwenda ofisini, mimi, Kezia, Hezroni na Hashimu. Niliomba Mpawenimana aitwe, maana yeye bado ni mwenyekiti. Hezroni akapanda juu ya meza, akasukuma ubao wa dari, akashusha muhuri umevikwa utando wa buibui. Akauweka mbele ya Faudhia. Akasema yote, kuanzia mawe ya mvua. Faudhia alikuwa anautazama muhuri kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Akasema tu, "Kaka Hezroni, nimekunywa dawa za presha," na ana miaka ishirini na sita.

Hashimu akafungua daftari. Akasoma kurasa zake mbili za mwisho kimya, akazikunja. "Kumbe kile kifundo," akasema. Kisha akaniangalia. "Mama, ulijua tangu Jumapili ile."

"Nilijua wakati naokota maharage."

"Na mimi niliandika hilo hilo kwenye daftari, nikalipita."

"Uliandika. Bila wewe kukosea salamu, mimi nisingeona."

Akanyooka kidogo kwenye kiti. Ni kweli pia, sikumpamba.

Wote tukamgeukia Mpawenimana. Angeweza kuita polisi, na kampeni ya Kezia ingeishia pale. Alivua kofia akaizungusha. Akamwambia Hezroni:

"Bati hili linavuja bado?"

"Linavuja, mzee."

"Utaliezua lote uliezeke upya, na la zahanati. Misumari yako, mikono yako, mpaka mvua ziishe. Na utaandika barua ya huyu binti kwenda wilayani, useme ni wewe, si yeye. Mimi nitatia saini kuwa baraza limemaliza." Akamgeukia Faudhia. "Sasa gonga barua ya mama huyu. Nimetafuta mpinzani miaka ishirini."

Ndipo ikabaki zamu yangu. Magoti yangu si ya kupiga chini siku hizi, lakini niliyapiga. Nikapiga makofi, taratibu, mengi kuliko matatu, nikanyosha mikono yote miwili nikamwambia mwidiwe, Mzee Mpawenimana. Nikamwambia kura za mwinjilisti hukuziiba. Moja ilikuwa yangu, niliileta kwako mwenyewe.

Alinishika mikono muda mrefu. "Hiyo moja," akasema, "ningeijua ningekurudishia."

Hashimu ameniinua. Peke yangu nisingeinuka.

Ijumaa, 1 Novemba

Fomu imepokelewa saa nne asubuhi.

Jumamosi, 2 Novemba

Hashimu ameondoka. Nimempa maharage debe moja na kumbikumbi wakavu kwenye kopo. Raba amemwachia Hezroni, zimekwisha kabisa, anaezekea nazo. Ameniomba nimsomee alichoandika kwenye ripoti yake, eti yeye hana miwani. Ana miwani mfukoni. Nikasoma: "Muhuri umepatikana. Kazi imefanywa na mama mwenye nyumba." Nimesoma mara mbili.

Jumanne, 12 Novemba

Kampeni. Kezia anazunguka na mabuti. Hezroni yuko juu ya bati la ofisi, kila anayepita chini anamwuliza kama ameficha kitu kingine huko. Anajibu kuwa amemficha mama yake. Watu wanacheka, na yeye anacheka nao.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Maharage yametoa maua, hata yale tuliyoyakalia.

Jumatano, 27 Novemba

Nimepiga kura saa mbili. Nimeweka alama nikaangalia tena, nikaangalia mara ya tatu, mpaka msimamizi akasema, "Mama, kuna wenzako nje." Nikamwambia wasubiri.

Walihesabu uwanjani, jua bado lipo. Hezroni hakusimama mbali. Alisimama karibu na Kezia kabisa, amemshika mkono, kiganja kwa kiganja. Nilimtazama usoni kila jina liliposomwa. Alikuwa anaogopa, na hakwenda popote.

Kezia ameshinda kwa tofauti ya kura kumi na tisa. Mpawenimana alikuwa wa kwanza kumfikia. Salamu zao zilikuwa ndefu mpaka wapiga vigelegele wakapumzika, wakaanza upya. Mimi nimecheza. Kiuno kinauma ninavyoandika, acha kiume tu.

Alhamisi, 5 Desemba

Mbuzi wa Esteri ameingia shambani kwangu, amekula maharage mistari miwili. Nimemwambia Esteri, akasema mbuzi hajui mipaka. Nikamwambia tutaonana kwa mwenyekiti. Nikaenda ofisini nimejitanda kanga mpya, nikapita mbele ya watu wote mpaka mlangoni, maana mwenyekiti anakula kwangu.

Kezia akainua kichwa kutoka kwenye karatasi. "Mama, mwidiwe. Kuna foleni."

Nilidhani sikusikia.

"Foleni, mama. Inaanzia pale."

Nikatoka. Benchi lilikuwa na watu sita. Wa nne alikuwa Mpawenimana na karatasi yake ya mpaka wa shamba. Akanisogezea nafasi bila kucheka, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Nikakaa. Bati jipya juu yetu halivuji hata tone. Nilikasirika nusu saa nzima, kisha hasira ikaisha, nikaona nimenyooka kama mtu anayepigwa picha.

Zamu yangu ilipofika niliingia. Faudhia alikuwa na kalamu, Kezia na daftari kubwa la malalamiko. Wala hakuniita mama.

"Jina la mlalamikaji?"

Hapa Nyabiseke mimi ni Mama Hezroni. Kabla ya hapo nilikuwa mke wa mwinjilisti. Nilivuta kiti, nikakaa vizuri.

"Yunisi Bukuru," nikamwambia. "Andika lote."